Kipimajoto ndani ya mzinga

Nyuki hulea majana wao kwenye joto la nyuzi 34 hadi 35 hivi. Nilitaka kuiona namba hiyo bila kuufunua mzinga, kwa hiyo nimeunganisha sensa ya joto ya DS18B20 kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) hapa Tabora. Nimechukua ile yenye kichwa cha chuma kisichopitisha maji; mizinga ya baba mdogo haikosi unyevu masika.

Waya mwekundu unakwenda kwenye volti 3.3, mweusi kwenye graundi, wa njano, ambao ndio laini ya data, kwenye pini ya GPIO 4. (Rangi hutofautiana, hakikisha kwanza.) Kisha rezista ya kiloomu 4.7 kati ya mwekundu na wa njano. Hiyo usiiache kabisa! Sensa huweza tu kuivuta chini volti ya laini ya data. Rezista ndiyo inayoirudisha juu.

Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, ongeza dtoverlay=w1-gpio, washa upya, fungua /sys/bus/w1/devices. Folda inayoanza na 28- ndiyo sensa yako. Ndani, faili la w1_slave linaishia hivi: t=34562. Gawa kwa 1000. Ukikuta 85000, hiyo ni namba ya kuwakia, bado haijapima.

Laini hiyo moja hubeba sensa kadhaa, kila moja na namba yake. Mzinga wa pili unaingia Jumamosi.