Kabla ya kuilaumu bunduki ya rangi, pima upepo unaoifikia

Napiga rangi mageti na makabati ya chuma hapa Kizota, Dodoma. Kuna kipindi kila geti lilikuwa linatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Kila jirani alikuwa na jibu lake: tina feki, bunduki imechoka, rangi nzito. Mimi nikanunua geji ndogo ya kupima presha ya upepo, nikaifunga chini ya mkono wa bunduki, nikamweka kijana wangu kwenye kompresa.

"Huko inasoma ngapi?"

"Hamsini, bosi."

Nikabana kifyatuo. Geji yangu ikashuka hadi thelathini na ikakaa hapo hapo. Psi 20 (psi ni kipimo cha presha) zinaliwa njiani! Ukipima bila kubana kifyatuo huoni kitu, geji zote mbili zitasoma sawa.

Mpira wa kupeleka upepo kwenye bunduki ulikuwa ule wa plastiki wa kujiviringisha, tundu milimita 6, mrefu kuliko kazi yenyewe. Nikahamia mpira wa raba wa milimita 10, nikaukata ubaki mita kumi. Dukani watakuonyesha unene wa nje. Wewe omba ncha uchungulie tundu. Kapla, yaani viungio vya kuchomeka na kuchomoa mpira, nazo chungulia, maana nyingine zina tundu dogo mno hadi mpira mpana haukusaidii. Raba ina faida nyingine kwetu: jua la Dodoma hukausha plastiki haraka, ikaanza kupasuka pale pale penye klipu.

Kwenye thredi, yaani nyuzi za kukazia viungio, kuna mtego. Ya robo inchi ya Kiingereza (BSP) ina nyuzi 19 kwa inchi, ya Kimarekani (NPT) ina 18. Kwa macho ni mapacha. Zinaingiana mizunguko michache, halafu zinakaza, na fundi mwenye nguvu anaongeza spana. Hapo upepo utavuja tu hata uzungushe tepu ya kuzibia roli nzima. Ikikaza mapema, mimi nasimama na kutafuta nyingine. Tepu naanzia thredi ya pili kutoka mdomoni, kwa sababu kipande kikikatika ndani kitaishia kwenye bunduki.

Kila Jumatatu napaka povu la sabuni kwenye maungio yote upepo ukiwa umejaa. Kapla ikigoma kuingia naifuta vumbi, na wakati wa upepo mkali wa kiangazi naziba midomo kwa kitambaa. Oili siweki. Tone likifika kwenye bati, rangi inakimbia na kuacha vijishimo.

Kichujio cha maji nilikitoa kwenye kompresa nikakifunga ukutani, mita kadhaa mbele. Upepo ukitoka kwenye mashine bado ni wa moto, na maji yake ni mvuke unaopita kichujio bila kukamatwa. Ukishapoa ndipo yanaonekana. Masika nafungua koki chini ya tangi kila jioni, na yanayotoka ni maji ya kutu.

Mpira wa upepo ukitoboka, nakata palipooza na kuunga upya kwa kiungio cha shaba na klipu. Ule wa mashine ya kupakia nyumba rangi, ile mashine isiyotumia upepo, ni habari nyingine: ndani kuna rangi kwenye presha inayoweza kufika psi 3,000, na ikipenya ngozi ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kidonda kikionekana kidogo. Huo sifungi kwa mpira wa baiskeli. Natoa presha, nanunua mwingine.