Saksafoni ya baba mdogo

Arobaini ya baba mdogo ilipopita, wanawe waligawana shamba la Muheza. Mimi nikaitwa chumbani nikakabidhiwa sanduku jeusi lililofungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyeninunia.

Ndani mna saksafoni alto, ya kiwanda cha Conn cha Elkhart, Indiana, Marekani, shaba iliyopakwa fedha. Mgongoni imechongwa tarehe: 8 Desemba 1914. Kila anayeiona huniambia basi huo ndio umri wake. Siyo. Ni tarehe ya hataza ya namna ya kuvuta kingo za matundu kutoka kwenye shaba yenyewe bila kuchomelea, na Conn waliendelea kuigonga kwenye saksafoni zao miaka mingi baadaye. Karibu na namba yake ya kiwandani kuna herufi L, na hiyo ndiyo iliyonifurahisha: maana yake imelinganishwa na sauti tunayotumia leo. Zamani zilikuwepo pia za sauti ya juu, ambazo hazipatani na kinanda hata ufanyeje.

Baba mdogo aliinunua kwa baharia bandarini Tanga, enzi bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zikigombea mashabiki wa mji huu. Wapigaji wengi hawakuwa na vyombo vyao. Vilikuwa mali ya mwenye bendi, ukigombana naye unaondoka na shati lako tu. Yeye aligombana na wengi, na kila mara alitoka na sanduku lake mkononi.

Nimekua nikimsikia barazani. Alipenda juu, vipande vifupi vya kukata, kama anajibizana na gitaa. Chini kabisa hashuki. Nikajua ndio mtindo wake.

Usiku mmoja umeme ulikatika, nikashusha taa ndogo ya betri ndani ya bomba, nikafunga vitufe vyote. Mwanga ukachomoza kwenye tundu la noti ya G shapu. Pedi ya pale, yaani kifuniko laini cha tundu, aliikata mwenyewe kwa ngozi ya kiatu, na springi iliyovunjika akaweka mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao sasa ulikuwa umelegea kabisa. Saksafoni ndivyo ilivyo: tundu la juu likivuja, noti zote za chini yake zinakoroma au zinagoma. Kumbe mtindo nao ulikuwa na sababu zake!

Fundi mmoja wa matarumbeta Dar es Salaam akanitilia pedi mpya na springi. Nilipopuliza B flati ya chini, noti ya mwisho kabisa, kwa mara ya kwanza, vikombe vya kabatini vilitetema. Mama mdogo akapaza sauti kutoka jikoni:

“Hiyo baba yako hakuwa nayo, mwanangu!”

Siku hizi napiga na matarumbeta ya harusi, tumejazana nyuma ya pikapu. Nyimbo zile hazina haja yoyote na B flati ya chini. Naichomeka hivyo hivyo, hasa kwenye kona, na kiongozi wetu ananikata jicho.