Kumbukumbu ya mradi: tundu la USB-C linalochaji upande mmoja tu

Siku ya 1: kupima kabla ya bisibisi

Mashine ni laptopu ya mtumba ya inchi 14, yenye matundu mawili ya USB-C upande wa kushoto, yote mawili yamechomewa moja kwa moja kwenye bodi kuu. La nyuma ndilo lililobeba chaja miaka yote. Chaji inaingia kichwa cha kebo kikigeuzwa upande mmoja tu, na hata hapo waya ukiguswa inakata.

Kwanza kebo. Kwenye USB-C springi ziko kwenye kichwa cha kebo. Tundu lina ulimi bapa wenye pini tu. Kwa hiyo kinachotakiwa kuchakaa mapema ni kebo, na kujaribu kebo nyingine nzima ni hatua ya bure. Haikusaidia. Pili uchafu: kijiti cha meno cha mbao (sindano hapana) kilitoa pamba iliyoshindiliwa chini kabisa, iliyozuia kichwa kuzama milimita ya mwisho. Sasa kinaingia na kunasa vizuri, ila upande mbovu umebaki mbovu.

Ugonjwa wa upande mmoja una mahali pake. Tundu lina pini 24, safu A na safu B, 12 kila moja. Pini nne ni za umeme na nne za ardhi (njia ya umeme kurudi), zimepangwa ili kugeuza kichwa kusibadilishe kitu. Ila mawasiliano ya chaja na laptopu hupita kwenye CC (pini ya kutambuana), yaani A5 au B5 kutegemea kichwa kilivyokaa. CC ikikatika, chaja haitambui kuwa kuna kifaa, na haitoi hata volti 5.

Betri imechomolewa kwenye bodi, mita iko kwenye hali ya kupima daiodi, probu nyekundu kwenye ardhi, nyeusi kwenye kibao cha kupimia kilichochomekwa kwenye tundu. B5: volti 0.61. A5: OL, yaani njia imekatika. Tundu jirani: 0.61 zote mbili. Kwenye kapasita ndogo iliyo kwenye njia ya A5, 0.61 ipo. Chipu inayoendesha CC ni nzima. Kilichokatika ni kiungo cha risasi (solda) kati ya pini na bodi.

Hiyo ni bahati. A5 imekaa karibu na A4 ya umeme, katikati hadi katikati nusu milimita. Pini ikipinda, au unyevu wa chumvi wa pwani ukiota kutu ya kijani kati yao, volti 20 zinaingia kwenye CC na chipu inaweza kuungua. Hapo kubadilisha tundu ni kazi bure.

Siku ya 2: kung'oa

Tundu hili lina miguu minne inayopenya bodi na safu moja ya pini inayoonekana nyuma. Miwili ya miguu ilishaachia, pete ya ufa inaonekana kwa lenzi. Ndicho chanzo: miguu ikilegea, kila mtikisiko wa kebo unabebwa na pini nyembamba.

Vipande vya jirani vilifunikwa kwa tepu ya kaptoni, isiyoungua kwa joto. Risasi ya kiwandani isiyo na ledi huyeyuka karibu 217°C. Ikichanganywa na risasi ya 63/37 (bati 63%, ledi 37%), ambayo huyeyuka 183°C, kazi inalainika. Flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) ya kutosha, bodi imepashwa kutoka chini hadi 150°C, kisha bloa ya hewa moto 380°C ikizungushwa. Tundu linatolewa likianza kuelea lenyewe likiguswa kwa kibano.

Halikusubiriwa. Lilivutwa sekunde chache mapema na pedi ya A5 (kipande cha shaba kwenye bodi ambacho pini huchomewa), iliyokuwa imeshadhoofika, ikatoka nalo. Mguu mmoja ulikuwa bado umeganda, kwa sababu shaba pana ya ardhi hunyonya joto kuliko pini. Ilitakiwa kuongezwa joto kwenye miguu kwanza.

Siku ya 3: kupachika

Vitundu vya miguu vilisafishwa kwa utambi wa shaba unaonyonya risasi na pasi ya kuchomea yenye ncha pana, 400°C. Ncha nyembamba haifui dafu hapo. Tundu jipya lililinganishwa na la zamani kwa miguu na kina chake, maana yanafanana kwa mbele na kutofautiana chini. Miguu ilichomwa kwanza, risasi ikajaa hadi upande wa pili, ndipo pini. Kwa kuwa pedi yake ilitoka, A5 iliunganishwa kwa waya wa enameli wa mm 0.1 hadi kwenye kapasita ile ile, ukafunikwa kwa gundi ya UV. Mwisho alkoholi ya 99% na mswaki.

Kabla ya kurudisha betri: A5 0.61, B5 0.61, umeme na ardhi hazijagusana. Chaja ya wati 65: volti 20 pande zote mbili.

Kebo iliyobaki mezani

USB-C imekadiriwa kuchomekwa mara 10,000, USB-A ya kawaida 1,500. Hesabu hizo ni za kuingiza na kutoa kwa unyoofu. Laptopu iliyowekwa mapajani huku kichwa kikisukumwa na goti haimo humo. Kwa mashine hii imechaguliwa kebo yenye kichwa cha kiwiko, inayolala sambamba na ubavu. Vichwa vya sumaku vimekataliwa: pini zake ziko wazi, na volti 20 ziko jirani na CC.

Tundu la mbele halijaguswa. Miguu yake miwili ina ufa ule ule, mfupi zaidi. Itaongezwa risasi bodi ikiwa bado nje.