Hesabu Tiki Kabla ya Kupiga Kwantaizi

Chakacha iliyopigwa vizuri kwenye kibodi ikianza kuchechemea baada ya kuhaririwa, usimlaumu mpigaji. Angalia gridi, ile mistari ya muda ambayo programu ya kurekodi hupangia noti.

Chukua programu ya kurekodi muziki inayogawa pigo moja kwa tiki 960, yaani vipande vidogo vya muda, kama Logic au Reaper. Chakacha hugawa pigo mara tatu, kwa hiyo noti zake hukaa kwenye tiki 0, 320 na 640. Gridi ya moja kwa kumi na sita, inayogawa pigo mara nne na ambayo wengi wetu huiacha tu ilivyo, ina mistari 0, 240, 480 na 720. Ukipiga kwantaizi hapo, yaani kuiamuru programu ipeleke noti kwenye mistari, noti ya 320 inavutwa nyuma hadi 240, maana ndio mstari ulio karibu, na ya 640 inasukumwa hadi 720. Nafasi tatu zilizolingana zimekuwa 240, 480, 240. Kwa tempo ya 100, yaani mapigo 100 kwa dakika, kila moja ya noti hizo mbili imehama milisekunde 50, na hizo hata abiria wa matatu atazisikia. Tendua, weka gridi ya tripleti, inayogawa pigo mara tatu, kisha rudia. Kuburuta noti moja moja kwa mkono ni kujitesa bure.

Kupata urefu wa tiki, gawa 60,000 kwa tempo mara idadi ya tiki katika pigo. Tempo 100 na tiki 960 inakupa milisekunde 0.625. FL Studio huanza na tiki 96, yaani milisekunde 6.25 kila moja kwa tempo hiyohiyo. Ukitaka kuhariri kwa makini, pandisha idadi hiyo kwenye mipangilio ya mradi kabla hujarekodi chochote.

Kuna kosa lingine ambalo kwantaizi hulificha tu. Bafa ni akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa; ikiwa ya sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa milisekunde 11.6 hivi, bila kuhesabu ucheleweshaji mwingine wa mashine. Mpigaji anasikia sauti ikichelewa, naye anaanza kuwahi bila kujua. Ukikuta noti karibu zote zimewahi kwa tiki 18 hadi 25, zichague zote uzisogeze mbele kwa pamoja tiki 20. Mtindo wa mpigaji unabaki. Safari ijayo rekodi kwa bafa ya 128, ndipo uipandishe wakati wa kumiksi, hasa kama laptopu ni ile kuukuu inayokwaruza.

Noti zikiwa zimetawanyika huku na huku, nyingine zimewahi na nyingine zimechelewa, tumia kwantaizi kwa nguvu ya asilimia 60: noti iliyochelewa tiki 40 inabaki na 16. Asilimia 100 ninaiachia kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, peke yake.

Piano nayo ina mtego wa pedali, ambayo programu huirekodi kama kidhibiti namba 64 cha MIDI, lugha ya kibodi na kompyuta. Thamani 0 hadi 63 ni pedali juu, 64 hadi 127 ni chini. Ukivuta kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) iliyochelewa irudi kwenye mstari na pedali ibaki ilipo, kodi mpya inalia kabla pedali haijaachiliwa, na ile ya zamani inachafuana nayo. Chagua noti na matukio ya pedali pamoja, usogeze vyote.

Na ukisikia noti ya besi inakatika ghafla, tazama kama noti mbili za sauti ileile zimepandana: mwisho wa ya kwanza ndio unaoizima ya pili. Fupisha ya kwanza iishe tiki 10 kabla ya ya pili kuanza.

Nakili klipu ya asili kabla ya yote haya, uhifadhi mradi. Stima ya Nairobi haingoji.