Kumbe mtoto mchanga hatetemeki

Usiku aliozaliwa mtoto wetu kulikuwa na baridi kali, mimi mwenyewe meno yanagongana, nikamgusa yeye nikakuta katulia tu, hatetemeki hata kidogo, nikaogopa sana nikajua kuna tatizo. Nesi akanambia wachanga hawatetemeki hivyo kama sisi, tumfunike vizuri, afu ana jiko lake mgongoni. Nikadhani ananituliza tu. Baadaye nikaanza kusoma na mpaka leo sijaacha.

Hilo jiko ni mafuta ya kahawia. Sio haya meupe ya tumboni tunayoyajua wote, yale ni stoo, kila seli imebeba tone moja kubwa la mafuta basi. Seli ya kahawia ina vitone vidogo vidogo vingi na imejaa mitokondria, yaani vijinu vya seli vya kuzalisha nguvu, na mitokondria zina madini ya chuma, ndo rangi inapotokea. Kwa mchanga yanakaa kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo.

Sasa linavyowaka. Ngozi ikisikia baridi ubongo unatuma taarifa kwa mishipa ya fahamu, mishipa inamwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye seli, vile vitone vinaanza kuvunjwa, zinatoka asidi za mafuta, yaani vipande vya mafuta. Zinaingia kwenye mitokondria, zinakatwa kaboni mbili mbili, na nguvu inayopatikana inasukuma protoni (chembe ndogo sana zenye chaji chanya) nje ya utando wa ndani, zinarundikana huko zinatafuta pa kurudia. Kwenye seli nyingine protoni zinarudi kwa kupitia mashine inayotengeneza ATP, nishati ambayo seli inatumia kufanya kazi, yaani zinalipa nauli ya kazi. Ila seli ya kahawia ina mlango wa pembeni, protini inaitwa UCP1, protoni zinapita hapo bure bila kutengeneza chochote, na nguvu yote inaishia kuwa joto. Ni kama gari liko fri afu unakanyaga mafuta, injini inaunguruma inachemka na gari halisogei. Damu ndo inachukua lile joto inasambaza mwilini.

Na kitu kilichonifanya nisilale siku ile ni hiki, ule mlango kwa kawaida umefungwa, na wanaoufungua ni asidi za mafuta zenyewe! Kuni ndo hizo hizo kiberiti. Baridi ikiisha, mafuta yanaacha kuvunjwa, asidi zinapungua, mlango unajifunga, jiko linapoa. Naona ni uhandisi mzuri kuliko hita yoyote niliyowahi kununua.

Zamani iliaminika mtu mzima hana tena haya mafuta, au anayo kidogo yasiyo na maana. Mashine za PET zinazotafuta saratani zikawa zinaonyesha sehemu zinazomeza glukosi (sukari) shingoni na juu ya mitulinga, hasa kwa watu waliokuwa kwenye baridi, na 2009 tafiti zikathibitisha ni mafuta ya kahawia yanayofanya kazi kabisa. Ni machache lakini, kwahiyo anayekuuzia kidonge cha "kuwasha mafuta ya kahawia" upungue kilo kumi, achana naye.

Nguruwe je? Mababu zao walipoteza jeni ya UCP1 mamilioni ya miaka iliyopita, jiko hilo hawana. Kitoto cha nguruwe kikizaliwa kwenye baridi kinatetemeka, kinajibana kwa wenzake.