Kusi imeshika, na kuku wangu

Kusi imeshika kweli wiki hii. Asubuhi watoto wa madrasa hapa Kisauni wanapita na masweta, manyunyu yanakuja na kuondoka, na fikira zangu zote ziko nyuma ya nyumba, bandani kwa kuku.

Mtu wa Limuru akisoma haya atashangaa. Usiku wa Julai Mombasa hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na kwake hilo ni joto la mchana. Lakini baridi yetu ya kipupwe huja na maji na upepo wa bahari, na hapo ndipo kuku huteseka. Kuku mkavu ana moto wake mwenyewe. Mwili wake una joto la nyuzi 41, na akivimbisha manyoya, hewa anayoifungia ndani humtosha kabisa. Manyoya yakilowa, hewa ile haikai tena. Mzee jirani yangu, aliyefuga kuchi, wale kuku wa kupigana, tangu ujana wake, huniambia, "Mwanangu, kuku haogopi baridi, aogopa maji." Nazidi kuamini kwamba kazi yote ya msimu huu imo katika maneno hayo.

Binti ya khalati yangu anaishi Ontario, kule Kanada, naye pia anafuga kuku uani. Kwake Januari inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Tukizungumza kwa simu nilitaraji aniambie ameweka hita bandani. Hapana. "Dada, taa za joto zimechoma mabanda ya watu wengi huku," akasema. Kinachomhangaisha ni maji ya kunywa kuganda, na vilemba vya majogoo kuumwa na barafu bandani kukiwa na unyevu. Kwa hiyo huacha matundu ya hewa juu kabisa, karibu na paa, mvuke wa pumzi na kinyesi utoke bila upepo kuwapiga waliolala. Fito za kulalia ni pana, ili kuku akikaa vidole vifunikwe na manyoya ya tumbo. Nilipomsikiliza niliona kwamba yeye wa theluji na mimi wa kusi tunapigana na adui mmoja, unyevu.

Basi banda langu limezibwa upande wa kusi, kuanzia chini hadi juu ya fito, na upande wa kibla nimeacha waya wazi. Paa ni makuti. Wengi huniuliza kwa nini nisiweke mabati, yanadumu zaidi. Ni kweli yanadumu, lakini alfajiri hutoa jasho likadondokea kuku, na mvua kubwa ikipiga bati usiku kuku hushtuka wakaanguka kutoka kwenye fito gizani. Chini ya makuti wanalala. Usingizi wao nauthamini kuliko umri wa paa.

Sakafuni natandaza maranda kutoka kwa seremala, mengi, na nayageuza mara kwa mara. Kila asubuhi nachutama hadi kichwa changu kifike pale kuku anapolala, kisha navuta pumzi. Harufu ikichoma macho, najua wao wamekesha nayo, na yale yaliyolowa hutoka siku hiyo hiyo. Mafua ya kuku na kuhara damu hupenda sana mabanda ya namna hiyo.

Jambo ninaloliona halizungumzwi vya kutosha ni amani yao. Mvua ikiwafungia ndani kutwa, kuku hugeukiana. Wana daraja zao, nani anadonoa nani, na mnyonge huwa hana pa kukimbilia. Wangu wana damu ya kuchi, kwa hivyo hasira wanazo za kurithi. Nimeweka vyombo vya chakula sehemu mbili zinazotengwa na ubao, mnyonge ale bila kuonekana. Fungu la mchicha nalining'iniza kwa kamba juu kidogo ya vichwa vyao, na nusu ya ugomvi huisha wakilirukia. Na pembeni, chini ya paa, kuna beseni pana la mchanga mkavu na majivu. Inanipa furaha kubwa kumuona kuku akijigaragaza humo, macho nusu yamefumba, huku nje kunanyesha. Kuku mgeni simwingizi msimu huu. Akilazimika kuja, hukaa kwanza nyuma ya waya waonane mpaka wazoeane.

Chakula sikibadilishi sana. Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, nawatupia mahindi, maana tumbo linaposaga punje mwili hupata joto la usiku. Mahindi yenye ukungu siwapi hata kidogo, sumukuvu haina huruma. Machicha ya nazi nawapa ya siku hiyo tu. Chanjo ya kideri ilishapigwa, na maji yaliyotuama uani nayamwaga, kwa sababu mbu ndio wanaoeneza ndui ya kuku.

Sasa kuna koo mmoja ameng'ang'ania kiota tangu juzi, ukimsogelea anavimba. Jirani anashauri nimtoe, ningoje kaskazi ndipo nimwekee mayai. Nimemfikiria sana. Siku 21 zikitimia bado tutakuwa kwenye kipupwe, na kifaranga hana manyoya ya kujihifadhi. Akilowa mara moja tu anaweza kufa. Tena kunguru wa Mombasa wanajulikana, kifaranga akitoka uani hawamwachi. Lakini ni koo mzuri, mtulivu, na mwaka jana alilea vizuri. Nitamwekea mayai machache anayoweza kuyafunika yote, na wakianguliwa watakaa naye chini ya tenga kubwa ndani ya jiko la nje, ambako ni kukavu, mpaka manyoya yao yajae.