Uvimbe unaodunda shingoni: nilivyobadilisha kipande cha karotidi

Mgonjwa alikuwa ameshaambiwa ni jipu, lipasuliwe. Jamani, uvimbe unaodunda chini ya pembe ya taya hauguswi kwa kisu wala sindano mpaka upigwe picha ya CT ya mishipa ya damu. Anurizimu (uvimbe wa ukuta wa ateri uliodhoofika) za karotidi, ateri ya shingoni, nje ya fuvu hazifiki asilimia 1 ya anurizimu zote za ateri, kwa hiyo kuzisahau naelewa. Kuzipasua, hapana.

Wengine walinishauri nifunge tu mshipa. Astley Cooper alifanya hivyo London mwaka 1805, mgonjwa akafa. Mgonjwa wake wa 1808 ndiye aliyepona. Mimi kufunga nakuweka kwa ajili ya damu isiyozuilika tu.

Uvimbe huu ulikuwa kwenye karotidi ya ndani, tawi linaloenda ubongoni. Nilidhibiti mshipa chini, kisha juu, bila kuuminya uvimbe: ndani mna madonge ya damu, likichomoka moja ni kiharusi. Juu sikufika mpaka nilipokata sehemu ya nyuma ya digastriki, msuli wa chini ya taya. Angalia neva inayosogeza ulimi, inapita hapo hapo. Neva ya vagasi nayo imejificha nyuma ya mshipa. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yuniti 5,000, dakika 3, ndipo vibano.

Kipande cha kubadilishia kilikuwa vena ya safena kutoka pajani, nimeigeuza ili vali zisizuie damu. Kabla ya kushona niliivisha kama soksi juu ya shanti, mrija wa muda wa kupitisha damu, kisha shanti ikaingia mshipani juu na chini. Ubongo ukawa unapata damu, nami nikashona kwa utulivu, uzi wa polipropilini 6-0, nikianzia juu. Chini niliacha upenyo wa kuchomolea shanti.

Kilichonisumbua ni urefu. Nilipima kichwa kikiwa kimegeuzwa upande. Kiliporudishwa katikati, vena ikapinda kama mpira wa bustani na mdundo ukafifia. Ilibidi nifumue mshono wa chini, nipunguze karibu sentimita 1, nishone upya. Pima kichwa kikiwa kimenyooka na vena imejaa, kwa sababu ikijaa hurefuka.

Kabla ya fundo la mwisho ruhusu damu irudi kutoka juu, kisha fungulia karotidi ya nje kwanza, mapigo kadhaa, ndipo ya ndani. Uchafu ukibaki, uende usoni, usiende ubongoni.

Ukuta wa uvimbe nenda nao maabara ukaoteshwe kutafuta vijidudu. Penye maambukizi mshipa wa plastiki hauwekwi. Wodini, presha ya juu isizidi 140, na shingo ikianza kuvimba fungua nyuzi pale pale kitandani, kabla koo halijabanwa.